Wakirgizi Walipokuja Kumwomba Zuhura

Jumapili, Louisville, Marekani. Mvua imeanza alfajiri na haina haraka ya kwenda popote. Nimekaa jikoni kwangu, mtaa wa Highview, chai imepoa, hata hamu ya kuinywa sina.

Wiki iliyopita kaka yangu Hamisi alinipigia simu kutoka Columbus, anahema. "Mama Zuu, kuna watu wanamtaka Zuhura. Wanaomba waje na mkubwa wao, wamwombe binti kwa wazee wake."

Sasa sisi watu wa Tanga, ukituambia hivyo tunaelewa nini? Posa, basi! Tunatafuta mchele. Zuhura, mwanangu wa pekee, anafanya kazi hukohuko Columbus na jioni anacheza mpira wa kikapu. Nilipomuuliza, alisema tu niende nitaelewa. Nikadhani anaona haya.

Basi jana tukakutana kwa Hamisi, Whitehall, pembeni ya Columbus. Dada yetu Mwanaidi aliendesha gari kutoka Buffalo na sufuria la pilau kiti cha nyuma, amelifunga mkanda kama mtoto.

Wageni walikuwa wawili: Bakyt, dereva wa lori, na mjomba wake, mzee wa kofia ndefu nyeupe. Walileta mikate ya duara na peremende, wakaviweka mezani kwa adabu. Hamisi akakohoa, akaanza maswali kwa Kiingereza. Dini? Waislamu. Alhamdulillahi. Na bwana harusi anafanya kazi gani? Bakyt akashangaa kidogo, akasema hakuna bwana harusi, kuna wachezaji, na wako kumi na wawili.

Mwanaidi akaweka kijiko chini. "Kumi na wawili! Kwa binti mmoja? Astaghfirullah!"

Zuhura alicheka mpaka akakaa sakafuni, ndipo akatueleza. Wanaomtaka ni timu ya taifa ya wanawake ya Kirgizistani, nchi ndogo ya milima huko Asia ya Kati. Timu inaruhusiwa kuwa na mchezaji mmoja aliyepewa uraia, na kocha, dada yake Bakyt, amependa uchezaji wake kwenye video aliyotumiwa na kaka yake. Ila kwao, alisema Bakyt, mtoto wa watu huendi kumchukua hivihivi kwa barua pepe. Unaenda kwa wazee wake, na mkate mkononi.

Tulicheka sote, hata yule mzee. Kisha akanitazama mimi, akasema watamtunza kama wa kwao.

Kama wa kwao. Hapo ndipo kicheko kilipokatika.

Hamisi akanigeukia. "Haya, mama mtu, unasemaje?"

Nikasema, "Mimi sina neno."

Uongo mtupu. Maneno nilikuwa nayo ya kujaza nyumba nzima. Tangu Zuhura ana miaka kumi nimekuwa nikimwona akilini amevaa jezi ya Tanzania. Pasipoti yetu ya Tanzania ilibidi tuiache tulipochukua uraia wa hapa, na siku ile nililia kama nimefiwa. Hata hivyo niliendelea kutuma video zake nyumbani, kwa yeyote niliyedhani anamjua mtu wa kikapu. Hakuna aliyejibu. Labda hazikumfikia mhusika, sijui, na sitaki kumlaumu mtu.

Ila nina wivu, nisijidanganye. Hawa watu nisiowajua wamevaa vizuri, wamebeba mikate, wamekuja kuniomba mwanangu kwa heshima. Na mimi nawanunia kwa kuwa si wale niliokuwa nawasubiri. Kosa lao nini hasa?

Zuhura ananijua. Aliposikia ile "sina neno" aliinamisha kichwa, akawaambia atawajibu Jumatatu. Nikarudi Louisville njia nzima sijawasha hata redio.

Leo baada ya adhuhuri amenipigia. Nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza siku zote, lakini leo ameanza mwenyewe kwa Kiswahili, kile chake cha kujikwaa. "Mama, mimi nataka kwenda. Lakini kama moyo wako hautaki, siendi."

Nikalia. Nikamwambia ukweli, kwamba naogopa atakuwa mtu wa kwao, na mimi nitabaki na picha.

"Mama," akasema, "wamekuja kuniomba kwako. Hawajaniomba kwa mtu mwingine."

Kisha nikamwambia aende, radhi zangu zote anazo, na asisahau kupaka mafuta maana huko kuna baridi kavu. Amecheka huku analia, mjinga yule.

Tangu nikate simu natazama ramani. Bishkek, mji wao mkuu, ni mbali, jamani. Mbali kweli kweli. Lugha yao siijui, wimbo wao wa taifa siujui, na bado sijui nitaketi wapi kwenye uwanja uliojaa zile kofia nyeupe.

Lakini siku mwanangu atakapofunga kikapu cha kwanza nitasimama nipige vigelegele, na uwanja mzima utageuka kumtazama mama yake.