Maji ya Kumkanda Salma

Mama Salma,

Nimekalia ndoo iliyopinduliwa, gerejini, mbele ya tangi la maji moto. Najua ungeuliza mtu mzima anatafuta nini huku na viti vimejaa sebuleni. Sebuleni amelala mjukuu wako, na mwanao ametoa amri kwamba nikitaka kukohoa nitoke nje. Basi nimetoka, na kalamu nimetoka nayo.

Ni mvulana. Ulishamwekea mjukuu wa kike jina lako hata kabla Salma hajaolewa, na sasa jina limekaa linangoja zamu. Lakini paji la uso amechukua lako, lile la mtu anayesubiri umalize uongo wako ndipo aseme.

Salma alijifungulia Houston. Kabla hata mtoto hajadondoka kitovu akanipigia simu: "Baba, nakuja nyumbani." Nikamwambia, mwanangu, nyumbani kuna mimi tu. Mzazi wa mimba ya kwanza huja kwao akandwe mwili kwa maji ya moto na mamake. Wewe waja kukandwa na nani hapa Garland, mimi na redio? Kisha akasema, "Mama aliniambia nije. Hakusema nije akiwepo."

Hapo ulinishinda, na hata hukuwemo kwenye mazungumzo.

Idrisa, mumewe, alimleta, njia nzima kutoka Houston akiendesha kama aliyepakia mayai. Akawashusha, akarudi kazini kwake. Nami nikaenda mtaa wa Vickery Meadow kumfuata Mama Neema, yule Mkongo wako mliyekuwa mkiwageuza wazee vitandani pamoja kule kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kucheka mpaka msimamizi aje kuuliza kuna nini. Sikumaliza kueleza. Alishika mfuko wake, akafunga mlango, akaniambia ndani ya gari: "Papa Salma, wewe utafute tu maji. Yote ingine ni kazi ya bamama."

Kazi moja, Mama Salma. Maji. Tena katika nchi ambayo maji hutoka ukutani. Nikajiona nimepewa cheo cha heshima kisicho na kazi.

Tumefika, nafungua bomba la moto, nangoja. Naona ni uvivu wa bomba, naongeza kungoja. Baridi. Na ilikuwa ile wiki upepo wa kaskazini ulipotushukia, nyasi za jirani zimekakamaa kama mswaki mkavu.

Hita imenizimikia mimi! Mimi niliyekuwa nikiihudumia kila Jumapili kwa kurunzi na bisibisi, hata ukaipa jina la mke mwenzio. "Nenda kwa mkeo mdogo," ulikuwa ukisema, "umwambie leo ni zamu yangu." Ukiniona napapasa mabomba waniita Fundi Macho, kwa kuwa ufundi wangu mwingi ulikuwa wa kutazama. Sikukataa. Ila moyoni nilikuwa nikijua nani anayelifanya tangi lile lidumu. Nilikuwa najua hivyo.

Nikaanza uchunguzi kama fundi yeyote aliyesomeshwa na simu yake. Jiko likawaka, kwa hivyo gesi ipo. Nikalala kifudifudi, nikachungulia kwenye kile kidirisha cha chini: giza. Ule moto mdogo usiozimika, unaowasha moto mkubwa, ulikuwa umekufa. Nikafunga gesi, nikafungua mlango wa gereji, nikasubiri hewa ibadilike, nikanusa chini na juu kama paka mpaka nikaridhika hakuna harufu ya mayai viza. Kisha nikafungua gesi tena, nikabonyeza kitufe, nikawasha, moto ukasimama, wa buluu, mzuri. Nikaachia kitufe. Ukazima. Nikarudia. Ukazima tena, kama mtu anayekufungulia mlango ili akuambie hayupo.

Hilo nalijua. Kuna kijiti cha shaba kinachokaa ndani ya ule moto. Kisipohisi joto hukata gesi, maana hudhani moto umezima. Nikaenda dukani nikanunua kipya, nikakifunga kwa vidole halafu kwa spana kidogo tu. Nikawasha, nikaachia, moto ukabaki. Ule mkubwa nao ukalipuka chini ya tangi, vuuu! Nikapanda ndani kwa kifua kilichotangulia. "Mama Neema, maji yanakuja!"

Yalikuja ya uvuguvugu, yakakatika. Niliporudi chini, kidirisha kilikuwa giza.

Nikampigia fundi mwenye leseni. Akasema mji mzima mabomba yamepasuka kwa baridi, nisubiri wiki ijayo. Wiki ijayo! Na mzazi akandwe kwa dua?

Tukarudi kwenye sufuria. Nachemsha jikoni, nabeba ngazini, nagonga mlango wa bafu, nageuka uso nitazame ukuta, mkono wa Mama Neema unatoka na kuivuta. Nikajisifu kwamba mguu wangu bado ni wa kijana. Siku hiyo hiyo mguu wa kijana ukakwama kwenye zulia, sufuria nzima ikamwagika ngazini, mvuke ukanipanda usoni. Sikuungua. Lakini Salma alikuwa amesimama juu pale na mtoto begani. Hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua moja tu, akanitazama, na ndiyo mara ya kwanza mwanangu kunitazama kama mzee.

Jioni Idrisa akapiga simu. Kijana mwenye adabu, alizunguka sana kabla ya kutua. "Baba, nisamehe, lakini Jumamosi nitawachukua. Huku kwetu maji yapo."

Sikuthubutu kumwambia hata huku yapo. Wewe wajua kwa nini. Miaka yote tuliyokaa nyumba hii, tangi dogo, mimi naoga kwanza kwa ajili ya zamu ya alfajiri, nawe ukigonga ukuta wa bafu na kiganja: "Baba Salma, maji yapo, au umeyamalizia ndevu?" Nami hujibu, "Yapo." Hata siku yalipokuwa yamekwisha nilijibu yapo, halafu nikakimbilia kazini. Tangu uondoke naoga mpaka nichoke, na maji yanabaki, na ukuta umenyamaza. Sikujua mtu anaweza kuwa na hamu ya swali.

Sasa waondoke kwa sababu ya maji. Nyumba irudie ukimya wake, na lile uliloliagiza libaki nusu, kwa mkono wangu.

Ijumaa asubuhi nikaleta ndoo hii, nikaipindua, nikaketi. Nikasema leo sigusi kitu. Leo nafanya ule ufundi wangu wa kweli, natazama. Nikaiwasha, nikaweka jicho kwenye kidirisha. Ule mkubwa ukawaka buluu. Baada ya kitambo ncha zikaanza kuwa njano. Njano ikapanda, ikawa inayumba kivivu, kama mtu anayezimia kwa adabu. Kisha giza.

Moto wa njano hauna hewa. Hilo hata mpika mandazi analijua. Nikafunga gesi, nikalala sakafuni kabisa, shavu kwenye saruji, nikatazama unyayo wa tangi mahali hewa inapoingilia. Kuna wavu pale. Wavu haukuonekana. Ulikuwa umevikwa blanketi, laini, la kijivu, nene kama la hospitali: pamba-pamba za nguo, zile zinazopulizwa na mashine ya kukaushia iliyo pale kando.

Nikalichuna kwa vidole likatoka kipande kizima. Nilipoligeuza, upande wa ndani lilikuwa na nyuzi nyekundu na za rangi ya machungwa.

Leso yako yenye michoro ya korosho, Mama Salma. Ile uliyoivaa mpaka ikapauka. Sikuhitaji kuambiwa.

Nikakaa pale sakafuni. Ndipo nikakuona, Ijumaa kabla ya sala, umejifunga hiyo hiyo leso, umeinama na fagio la makuti uliloletewa kutoka Malindi, unafagia kuizunguka hita, chini, nyuma, kule hakuna mgeni atakayefika. Mimi nimekaa na chai nakudhihaki. "Mke mwenzio wamfagilia?" Nawe, bila kuinuka: "Namtoa vumbi puani. Yeye naye anapumua."

Nilidhani ni usafi tu wa watu wa Malindi. Kumbe fundi alikuwa nani? Mimi nilikuwa mtazamaji, tena si mzuri, maana kitu kimoja cha kutazama kilipita mbele yangu kila Ijumaa.

Nilitaka kulihifadhi lile blanketi. Nikakusikia unavyocheka, nikalitupa kwenye pipa. Uzi mmoja mwekundu ulibaki kwenye sweta yangu. Huo sikuutoa, lakini pia sikuuweka. Nikausugua wavu kwa brashi, nikawasha. Buluu. Nikaketi nikiulinda moto ule mpaka tangi lote likawa moto na goti langu likawa limekufa.

Jumamosi Idrisa alipoingia, Salma alikuwa bafuni na Mama Neema, na maji yanatoka ukutani kama yanavyopaswa. Ghafla ikatoka sauti: "Mama wee! Yanichoma!" Idrisa akaruka. Mama Neema akafoka kutoka ndani: "Baba mtoto, ukae chini, ao tutakukanda na wewe!"

Lakini mimi sikucheka, Mama Salma. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo mkononi, kama vile Malindi, wewe ukiwa ndani na mamako anakukanda, unalia maneno hayo hayo, naye anakujibu, "Nyamaza, mifupa inafungwa." Salma hakuwa anamwita Mama Neema. Nilifungua mdomo nikujibie, nikaona sina sauti inayofaa.

Baadaye Idrisa alikwenda kunawa mikono. Alikaa sana bombani. Akatoka, akaziweka funguo za gari juu ya meza, akaomba chai. Amerudi Houston peke yake. Salma na mtoto wapo mpaka arobaini.

Lala salama, mke wangu. Siwezi kukuahidi mengi, mimi ni yule yule. Lakini fagio lako nimelitoa nyuma ya mlango, na Ijumaa nitainama kule nyuma wasikofika wageni, nitafagia kama ulivyokuwa ukifagia, maadamu mgongo unakunjika.

Kesho alfajiri nitaoga haraka. Nitafunga bomba, nitasimama kidogo karibu na ukuta. Na usipogonga, nitasema hivyo hivyo.

Maji yapo, Mama Salma.

Baba Salma