Nilifua Kamba ya Mwanangu

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na unisamehe mwandiko maana shule niliiacha mapema. Nina binti, kitindamimba wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, sasa yeye na wenzake wa karakana wanapanga kushinda siku nzima ndani ya korongo huko milimani, wanaingia alfajiri kwa juu, wanashuka maporomoko kwa kamba, wanaogelea kwenye maji ya baridi kali, na anasema wakishashuka poromoko la kwanza wakaivuta kamba, hakuna kurudi nyuma, ni mbele tu mpaka watokee chini. Basi juzi nikaikuta kamba yake ina tope la mazoezi, inanuka, nikasema mwanangu haendi na uchafu kama hana mama, nikailoweka kwenye dawa ya kutoa madoa, nikaisugua, nikaianika. Aliporudi kazini akaishika.

"Mama, mbona imekuwa nyeupe?"

"Si nimeifua, mwanangu. Na dawa."

Akaketi kizingitini. "Mama, dawa hiyo inakula nyuzi. Kwa macho huoni kitu, unajua ukishaning'inia."

Nililia mimi, akacheka yeye, akaikata vipande hapohapo asije mtu akaitumia. Wameazima nyingine. Nashukuru, lakini vile vipande mpaka leo sijaweza kuvitupa. Sasa anataka mimi ndiye nibaki na simu, wasipopiga mpaka saa mbili usiku niite waokoaji, kabla ya hapo nisiguse. Mshauri, mimi akichelewa dukani tu nagonga milango ya majirani! Kaka yake ananicheka, eti nitaita waokoaji kabla hawajafunga viatu. Je, nikatae kazi hiyo, au niikataze safari yenyewe?

Mama Mfuaji

*

Mama Mfuaji, shusha pumzi. Kamba mbovu imekatwa na binti yako yuko hapo nyumbani anakucheka. Hilo limekwisha, acha kulilia.

Ila nikugombeze kidogo: kitu usichojua kazi yake unakilowekea nini? Uliza kwanza! Hata hivyo, alipokuuliza hukusingizia jua. Ulisema dawa, na kwa neno hilo hatashuka na kamba ile. Unadhani kwa nini simu anakuachia wewe, si huyo kaka mcheshi?

Usimkataze. Mwambie akuonyeshe wanaingilia wapi na wanatokea wapi, akuandikie namba ya waokoaji kwa tarakimu kubwa. Kisha muulize, mawingu yakitanda juu ya mlima, maji yakaweza kufurika korongoni, mtafanyaje? Akijibu "tunaahirisha" bila kusitasita, kalale.

Siku yenyewe fua mapazia, na dawa tele ukitaka. Kabla ya saa mbili usiguse simu hata mkono ukikuwasha. Ikigonga saa mbili na kimya, usimwonee mtu haya, piga.

Na vile vipande viunganishe, uvitundike uani. Nguo zake zitarudi na tope la korongo, zitahitaji pa kuanikwa.