Aliyeahidi Kukuzaa

Skuta, Nyeri
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu,

Hujambo huko nyumbani? Magoti yanasemaje, na yule ng'ombe mwenye madoa ameshazaa au bado anawachezea? Huku mvua imeshuka na baridi yake, na mlima hatujauona tangu juzi. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyo utayasoma hapa chini.

Najua utashangaa mtoto wako anaandika barua na simu ziko. Lakini simu yako, Mama, ni ya kijiji kizima. Ukipigiwa unaiweka kwenye spika, na kabla sijamaliza salamu nasikia shangazi akinijibu kutoka jikoni. Haya ni ya macho yako peke yako. Vaa miwani, toka nje penye mwanga, usome polepole.

Wiki iliyopita mjomba alinipigia. Alizunguka sana, akaniuliza habari za mahindi ambayo sina, halafu akafika alikokuwa akienda. Alisema mmekaa, mmeona mke wangu Wangeci amekuwa mtu wa kulala, mtoto hana, na mimi kichwa kimeanza kuota mvi. Kuna binti wa mwalimu, ana adabu na afya njema. "Hatujasema umfukuze huyo," akasema. "Tumesema upate wa kukusaidia." Nikamwuliza Mama anasemaje. "Si mama yako ndiye amemwona huyo msichana?" Nikamwambia nitajibu.

Jibu ni hili, lakini kwanza ujue kilichotokea, maana uliyoambiwa ni nusu. Uliambiwa mkwe wako aliangushwa na presha. Haikuwa presha.

Kwamba ana ugonjwa wa moyo unajua. Alipokuwa mtoto kule Gakindu aliumwa koo kila mara, viungo vikavimba, na nyumbani wakadhani ni baridi ya kuchuma kahawa asubuhi. Kumbe ugonjwa ulishuka hadi moyoni ukaharibu mlango mmoja wa ndani. Alipokuwa mtu mzima moyo ukaanza kwenda ovyo, mara mbio, mara urukeruke, mara unyamaze kidogo hadi uogope. Nikimwekea sikio kifuani nasikia kama mtu anayeteremka kilima na viatu visivyo vyake. Daktari alitueleza kwamba moyo ukipiga hivyo, damu huzubaa ndani na kufanya donge, na donge likitoka huko huenda kichwani. Ndiyo maana alipewa vidonge vya kuzuia damu kuganda, vya maisha, pamoja na vingine vya kutuliza ule mwendo.

Vidonge hivyo, Mama, vina wivu kuliko mke mkubwa. Havitaki dawa za maumivu za dukani. Ukila mboga za majani nyingi vinalegea, na ukiziacha kabisa vinazidi nguvu mpaka fizi zitoe damu. Kwa hiyo kila mwezi alikwenda kupimwa damu, na mboga akazipima kwa kikombe cha chai, kikombe kile kile kila siku. Mama yake alikuwa akija na mukimo wa kijani, viazi vya kupondwa vilivyojaa majani ya maboga, na kununa akiona binti yake anachota kidogo. "Ati mboga inapimwa kama dawa ya kikohozi? Kula wewe, umekonda!" Na mimi huko Nanyuki kwenye kazi yangu ya uaskari niliwahi kushikwa mkono na mama mmoja anayeuza vidonge vya lishe, akaapa vinasafisha moyo, ini na figo kwa mkupuo mmoja. Nikanunua, mjinga mimi. Wangeci hakufungua kopo hilo mpaka alipolipeleka kwa daktari. Daktari akasoma ubavuni, akasema humo kuna majani makavu ya kila aina, lirudi lilikotoka. Hivyo ndivyo mke wangu alivyokuwa. Nataka ujue hakuwa mzembe.

Hata unga wako wa mitishamba, ule unaoutuma kwa basi, hakuunywa. Usikasirike. Aliutia kwenye mkebe wa majani ya chai akauweka juu ya kabati. Nilipomwambia tuumwage, alinikaripia: "Wewe! Mum ametwanga hii na mkono yake. Wacha ikae."

Sasa nikurudishe nyuma kidogo. Unakumbuka nilipomleta mara ya kwanza? Mlikuwa mmekaa barazani mkichambua kunde, akakuuliza jina lako la kinyumbani. Ukamwambia Nasimiyu. Akalirudia mara kadhaa, halafu akakwambia bila hata kuona haya, "Sawa mum. Mimi nitakuzaa."

Ulishtuka, Mama. Uliacha kunde ukaniangalia mimi, kana kwamba nimekuletea mchawi. Sisi mtoto tunampa jina la mtu aliyekwisha kulala kaburini. Ukamwambia, "Nasimiyu ni mimi, na bado nakula ugali. Unaniita kaburini?"

"Apana mum! Kwetu sio kufa," akasema. "Msichana wa kwanza anaitwa jina ya mamake bwana. Nikimzaa, ni wewe nimezaa. Hata wewe utakuwa unaniita mama!"

Ulicheka mpaka ungo ukaanguka. Ukasema, "Huyu msichana wa Nyeri ataniua kwa kicheko. Haya, nizae tuone." Tangu siku ile mkiongea kwenye simu hamkuachana bila mzaha huo. Yeye: "Mum, bado nakutafuta." Wewe: "Fanya haraka nizaliwe, haya magoti yamechoka!" Nami nilikaa pembeni nikicheka na nyinyi.

Kwako ulikuwa utani. Yeye alikuwa ameahidi.

Daktari alikuwa amemwambia mapema, mimi nikiwa hapo hapo: "Ukishuku tu uko na mimba, kuja siku hiyo hiyo. Usingoje kliniki yako. Na usiache dawa mwenyewe." Alisema vile vidonge vinaweza kumlemaza mtoto akiwa bado anaumbwa, lakini kuna sindano ambazo angebadilishiwa, na wangemwangalia kwa karibu. Hakusema itakuwa rahisi. Alisema kuna njia.

Basi mimba ikaingia. Hakuniambia. Mimi nilikuwa Nanyuki, nikija siku za mapumziko, nikamwona anang'aa, nikafikiri ni furaha ya kazi, maana shule zilikuwa zimemjaza oda za sweta. Siku moja kwenye foleni ya kupima damu, mwanamke mwenzake alimtisha. Alimwambia wanawake wenye moyo kama wao hawaachwi na mimba, wakijulikana tu wanaambiwa itolewe. Wangeci alitoka kwenye ile foleni kabla hajaitwa, na hakurudi tena.

Aliviacha vidonge vya damu ili visimguse mtoto. Na kwa vile aliogopa kukaa bila dawa yoyote, alipanda kiti akateremsha ule mkebe. Akawa anatia unga wako kwenye uji kila asubuhi. Haya yote nimeambiwa na mdogo wake, Wairimu, anayefuma naye sweta. Nilimwuliza kwa hasira kwa nini hakumzuia. Alilia, kisha akanijibu, "Alisema dawa ya mamako haiwezi dhuru huyo mtoto. Ati kwa sababu huyo mtoto ni mamako mwenyewe."

Mama, pumua kwanza. Nilimwuliza daktari swali ambalo najua litakunyima usingizi. Alisema unga wako si uliomwangusha, ni kukosa vile vidonge. Kwa hiyo usijibebeshe mzigo huo, na mtu yeyote asikubebeshe. Ungejuaje, wewe uliye huko, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja sikujua?

Alianguka akiwa kwenye mashine ya kufuma. Wairimu alidhani ameinama kuokota uzi. Alipomwinua, mdomo ulikuwa umekwenda upande mmoja na maneno yanatoka kama uji. Donge lilikuwa limefika kichwani. Nilitoka Nanyuki na gari la kazi, na nilipofika hospitalini alinitambua. Aliniangalia machoni, akafungua mdomo aniambie jambo, likatoka "aa" tu. Akajaribu tena. "Aa." Nikaona machozi yanamtoka jicho moja. Ndipo daktari akaniita kando akaniambia kuna na mtoto.

Mtoto hakukaa. Siku chache tu baadaye alitoka, mdogo wa kulala kwenye kiganja, na amekamilika, Mama. Vidole vyote. Alikuwa msichana. Muuguzi aliniuliza kwa upole, "Baba, mlikuwa mmechagua jina, ama tuandike tu mtoto wa mama?"

Nilisema Nasimiyu.

Nisamehe. Najua nimelitaja jina lako mahali ambapo sisi hatulitaji jina la mtu aliye hai. Wazee wakitaka nichinje kitu nitachinja. Lakini mama yake alikuwa amelala pale hawezi kusema, na ningewezaje kumpa mtoto wake jina jingine? Nililia mbele ya askari wenzangu waliokuja kututazama na sikuona aibu. Baba mkwe alisema mjukuu wake hawezi kuondoka hospitalini kama mtu asiye na kwao, akachimba mwenyewe mwisho wa shamba la kahawa, Gakindu. Najua hapo pia si kwetu. Nitakupeleka siku utakayokuja.

Sasa tuko nyumbani. Nimeomba uhamisho wa kuja mjini Nyeri na wamenipa likizo nikisubiri jibu. Mkono wake wa kulia umelala mapajani, mguu unaanza kujivuta. Dawa nampa mimi, damu tunapima, na kile kikombe cha mboga sasa nakipima mimi, naye ananikazia macho nikizidisha. Maneno bado hayajarudi. Daktari hasemi yatarudi wala hasemi hayatarudi. Lakini kusikia anasikia kila kitu, na kuelewa anaelewa, na hili ndilo linalonirudisha kwa mjomba.

Mjomba alipopiga nilikuwa ninamlisha uji. Kijiko mkono huu, bakuli mkono ule, nikaibonyeza simu kwenye spika kama wewe. Wangeci alisikia yote, Mama, pamoja na lile la wewe kumwona binti wa mwalimu. Nilipoikata simu sikuweza kumwangalia. Yeye akainua mkono wa kushoto, akaushika mkono wangu, akauvuta taratibu mpaka kwenye ile simu, akaubonyeza hapo. Nikatoa mkono. Akauvuta tena. Alikuwa ananiambia nipige, nikubali.

Kisha akageukia ukuta. Sijawahi kuumia hivyo tangu tumzike baba.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Mwambie mjomba kwa heshima, na yule binti apate wa rika lake. Sioi. Nyumba yangu ina mke, na kama haitakuwa na mtoto, itakuwa na mke.

Wasalimie wote. Msalimie shangazi wa jikoni, na leo umnyime hii barua. Msalimie kaka mkubwa na shemeji, waambie mahindi ya kuchoma niliyoahidiwa bado nayasubiri. Msalimie mjomba pia, sina kinyongo, alitumwa. Na mchungaji wetu akiombea wagonjwa amtaje Wangeci kwa jina, asiseme tu "mke wa Wafula".

Limebaki moja. Dawa usitume tena, Mama, hata kidogo. Kama utaweza kuja, njoo, na nitakungoja stendi. Ukishindwa kwa ajili ya magoti, basi piga simu. Nitaiweka sikioni mwake, nami nitatoka nje. Miaka hii yote umekuwa ukimwita "msichana wa Nyeri", na jina hilo alilipenda. Lakini mlikuwa na mapatano, wewe na yeye, kwamba akikuzaa utamwita vingine. Kwenye sanduku lake kuna sweta dogo alilofuma kwa mabaki ya uzi wa shule, la maruni na mistari ya kijani, na halijavaliwa na mtu. Yeye ahadi yake aliitimiza. Imebaki yako.

Mwite.

Ni mimi mwanao, mume wa mama yako,
Wafula