Tindo Kumi na Saba

Jumamosi, 3 Mei

Binti yangu katangaza vita. Kaingia bafuni kuoga, kakuta meza yake ya kupigia pasi, juu yake bamba la shaba, misumari, tupa, na sufuria yake ndogo imejaa lami. Akauliza, baba, hii nini? Nikamwambia karakana. Akasema yeye anaona bafu. Nikamwambia ndiyo maana hajawa fundi.

Miaka sabini na mbili. Wenzangu wanacheza drafti, mimi najifunza kunakshi shaba. Mwashi mstaafu — mikono ya kubeba tofali leo inataka kuchora ua. Shaba nimeikata kwenye tangi kuukuu la maji moto. Lami nimeichanganya na majivu na mafuta kidogo, nikalaza bamba juu yake, ikapoa ikalishika, ili nikigonga lisirukeruke. Ndivyo alivyofanya baba. Ndivyo alivyofanya kaka.

Ua la kwanza limetoka kama chura aliyekanyagwa na lori.

Jumatatu, 5 Mei

Shaba imepasuka. Nilisahau: ukiigonga sana inakuwa ngumu, inakataa. Lazima uipashe moto iwe nyekundu, uizamishe majini, ndipo inalegea. Baba alikuwa akisema shaba ni kama mke — naishia hapo, marehemu wangu ana masikio.

Sauti ndiyo inayokuambia. Ikiwa laini hulia nene. Ikichoka hulia kali. Baba alituketisha tumefumba macho, akagonga, tukataja. Kaka hakukosea hata siku moja. Na mimi sikukosea, maana nilikuwa nachungulia.

Alhamisi, 8 Mei

Bafuni nimefukuzwa rasmi. Nimehamia uani, kwenye ngazi za mlango wa jikoni. Ziko tatu, nilizijenga mwenyewe. Lami nimeiweka ngazi ya juu. Binti kauliza kwa nini nisikae ya katikati, yenye kivuli. Nikasema ina baridi. Kanitazama kama mtu anayehesabu siku zangu zilizobaki.

Basi niandike. Hati yangu hii hakuna awezaye kuisoma, hata mimi hunishinda.

Miaka thelathini na minane iliyopita kaka alikuwa fundi nakshi hasa, watu wakitoka mbali kuagiza sinia zake. Alikuwa na tindo kumi na saba alizoachiwa na baba, vyuma vidogo vya kugongea nakshi, kila kimoja na alama yake. Mimi sikuruhusiwa kuzigusa. Eti mikono ya zege. Siku nilipokuwa najenga ngazi hizi nikazichukua kwa mzaha, nikazifunga kitambaa moja moja, nikazitia kwenye kopo la maziwa, nikalificha ndani ya mbao za ngazi ya pili, zilizokuwa zikisubiri zege. Nia yangu atafute mpaka jioni, nicheke nishibe, nimrudishie. Nikaenda kula. Kurudi, wenzangu wameshamwaga zege.

Lilikuwa bichi. Hilo ndilo ninalotaka kuandika. Lilikuwa bichi kabisa, ningezamisha mkono tu. Lakini wenzangu walikuwa wanatazama, na mimi mtu wa kucheka wenzake sikutaka kuchekwa. Nikasema jioni. Jioni nikasema kesho.

Jumapili, 11 Mei

Kaka alimshuku mshirika wake, tuliyemwita Kidevu. Akamfukuza mbele ya watu. Nilikuwepo. Nilimshikia Kidevu mlango akitoa vitu vyake, nikamwambia, angalia usisahau na kidevu. Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alikufa ugenini, bado anaitwa mwizi.

Kaka hakunakshi tena. Alisema tindo mpya hazimjui. Alimalizia kazi yake akiziba sufuria zilizotoboka.

Leo sina mzaha wa kuandika.

Jumatano, 14 Mei

Sahani imekamilika! Tindo ya mwisho nimeichonga kutoka kwenye msumari wa inchi sita: jicho la samaki, duara na nukta ndani. Ile ya baba ilikuwa na pengo dogo ukingoni — naikumbuka vizuri, ndiyo niliyoifunga ya mwisho siku ile. Na yangu nimeitia pengo kwa tupa. Kila jicho linatoka na chozi. Macho kumi na mawili kuzunguka ukingo, ua katikati. Ua sasa linafanana na ua, ukilitazama ukiwa na haraka.

Kaka haoni tena, tangu mwaka jana. Nitampa sahani aipapase, afurahi kwanza. Kisha nitamwambia. Binti kampigia simu, anakuja Jumamosi.

Ijumaa, 16 Mei

Nimefanya mazoezi. Nimeiungamia ndoo. Haikunisamehe.

Jumamosi, 17 Mei

Amekuja. Binti kamshika mkono mpaka uani, akamketisha — ngazi ya pili. Nikasema hapo pabaya, kaka, njoo kwenye kiti. Akasema, "Acha fujo zako. Hapa pana kivuli."

Nikampa sahani. Akaipapasa. Alipofika katikati akacheka. "Mdogo wangu, hili ua au kabichi?"

Nikasema ni ua la mwashi. Tukacheka wote wawili, kama zamani, mpaka akafuta macho. Ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo nilishaufungua. Lakini kidole gumba chake kikawa kimefika ukingoni. Jicho la kwanza. La pili. La tatu. Kikasimama.

"Hili chozi umelijuaje?"

Nikasema si nililiona kwenye kazi zako.

Akatikisa kichwa taratibu. "Kwenye kazi nililisugua likapotea. Kila jicho. Baba naye hivyohivyo, alikuwa analionea aibu. Chozi lilikuwa kwenye tindo yenyewe tu. Na wewe hukuwahi kuishika."

Akaweka sahani magotini.

"Ngazi hizi," akasema, "ulizimwaga wiki ileile, siyo?"

Nikasema ngoja nilete chai.

Maji yamechemka mara mbili. Naandika nimesimama, daftari juu ya friji. Nje anagonga. Kaokota nyundo yangu ndogo, anaigonga ngazi aliyokalia, polepole, sikio kaliinamisha. Inalia nene. Inalia nene. Kasogea kidogo kushoto. Sasa imelia tupu, kama debe.

Amerudia palepale.

Binti anamuuliza, baba mkubwa, unatafuta nini hapo? Namsikia anavyomjibu, hajapaza sauti: "Sitafuti kitu, mwanangu. Namsubiri baba yako alete chai."

Vikombe viko mezani. Nyundo kubwa iko hapa nyuma ya mlango. Sijui nitoke na nini.