Kishikwambi cha Baba

Kalinzi

Kaka Alphonce,

Shikamoo. Huku kahawa imeanza kuiva na mvua haikatiki. Barua hii nampa kondakta wa basi la Dar, maana simu yangu anayo Baba kutwa nzima na haya siwezi kuyasema kwenye simu ya jirani. Baba anajirekodi.

Kile kishikwambi ulichoahidi kumnunulia, hicho cha bei rahisi chenye GB 32 achana nacho, kitajaa upesi. Chukua cha 128, chenye tundu la memori kadi, kwa sababu aliyoyasema mwanzo yako kwenye kadi. Tundu la chaji liwe kama la simu yangu. Sola yetu ina waya mmoja tu. Na tundu la hedifoni usilisahau. Akijisikiliza hataki Mama asikie.

Anataja mipaka ya shamba, mti kwa mti. Kisha humo humo anaongea na mwanao Wema, anampa baraka za harusi. Wema ana miaka minne, kaka! Nikimwambia twende hospitali Kigoma, ananijibu, "Ngoja kwanza nimalize."

Nilikuwa naikunja barua ndipo akaniita. Sauti ilikuwa chini, ikabidi niiname.

"Mwambie Alphonce asihangaike na kikubwa. Hicho cha bei rahisi kitatosha."

Kaka, usinunue chochote. Hela hiyo kata tiketi uje.

Mdogo wako,
Yunisi