Mji Niliompa Darmi

Shuleni, Garsen
Machi 1957

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Baba na wadogo zangu, na kwamba kile kikohozi kimekuacha. Mimi sijambo, ila mbu wa huku wamewashinda wa kwetu Kau. Kaka Kassim, tafadhali msomee Mama polepole, usiruke neno.

Mama, kwanza nakushukuru kwa kunileta shuleni. Baba alipokuwa akisitasita, ni wewe uliyesema mpunga utavunwa hata bila mimi. Sijalisahau hilo.

Jioni tukimaliza kufua huwa tunaulizana maswali. Si vitendawili, bali mambo ya kweli: neno fulani limetoka wapi, mnyama fulani ana ajabu gani. Lakini sheria ni ile ile uliyotufundisha ya vitendawili: ukishindwa, unampa mwenzio mji. Mwalimu alitwambia kwamba meza ni neno la Wareno na dirisha ni la Waajemi, nami nilishika vizuri, kwa hiyo nimekwisha kupewa Lamu, Malindi, hata Unguja. Dama, Mgiriama anayelala kitanda cha jirani, ananiita Sultani asiye na viatu.

Yupo pia Darmi, binti wa Kiorma, mpole sana. Siku moja nilimwuliza neno shule limetoka wapi, naye hakujua kwamba ni kwa Wajerumani. Tukamdai mji. Akasema kwao hakuna mji, wao huhama na ng'ombe, na hawezi kutoa mahali pasipo pake. Wenzangu walicheka, Dama akamwambia basi atoe hata mkia wa ndama. Zamu yake ilipofika akaniuliza ng'ombe ana meno mangapi ya mbele, ya juu. Nikajibu manane. Kumbe hana hata moja. Niliona aibu kumpa Unguja isiyo yangu mtu tuliyemcheka namna ile, nikampa Kau, kwetu hasa. Mshindi huwa anajigamba alivyokwenda katika mji wake na alivyokula, Darmi hakujigamba. Alinishika mkono tu, akashukuru.

Mama, sikujua alichokuwa nacho moyoni. Mvua zikianza, watu wao wataondoka mtoni na kwenda mbali na mifugo. Baba yake, Mzee Jatani, alikuwa amesema atamtoa shule, kwa sababu ikifungwa kwa likizo hatakuwa na pa kukaa. Darmi akamjibu kwamba anapo: amepewa Kau, mbele ya mashahidi.

Juzi Mzee Jatani alikuja, na mwalimu akaniita. Wasichana walijaa dirishani wakingoja niseme ulikuwa mchezo. Mzee aliniuliza kwa upole, "Binti, ni kweli umempa mwanangu kwenu?"

Nilimtazama Darmi. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaviringisha ncha ya leso yake.

Nikasema, "Ndiyo, Baba. Nimempa."

Basi ndiyo hivyo, Mama. Nimetoa nyumba yako bila kukuuliza. Darmi atabaki shuleni, na kibuyu cha samli alichokuletea mleta barua hii kimetoka kwa baba yake. Mzee alitaka kwanza kungoja jibu lako. Nilimwambia kwamba mwaka wa mafuriko tulilala tumebanana na watu tusiowajua hata majina, na hukuwauliza wataondoka lini. Nashukuru kuwa na mama ambaye naweza kumjibia.

Nisalimie Baba, na umweleze wewe, maana unajua saa yake nzuri. Nisalimie wadogo zangu na majirani wote. Shule ikifungwa tutashuka kwa mtumbwi, mimi na mwenzangu. Mama, ukituona tunakaribia ukingo, nakuomba uite jina lake kwanza.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Tuneya Komora