Mtani Aliyekuzuia Mlangoni

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba yako nitaisubiri, sina haraka. Tangu tukuzike hapa Kaole, watu wananisimamisha sokoni Bagamoyo kunihadithia habari zako kana kwamba ulikuwa wao kuliko wangu. Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Siku hizi nawaacha waseme, nami nasikiliza.

Wengi wanaanza na mguu. Uliuacha kwenye vita vya Kagera, ukarudi kwa magongo ungali kijana, na mama akakubali kuolewa nawe huku shangazi zake wamenuna. Mimi nakumbuka zaidi kisirani chako. Nikikushika mkono kwenye ngazi, uliunyofoa kama mtoto anayekataa kuogeshwa. Mtu akisema, "Maskini, mzee wa watu," ulimkata palepale: "Nisalimie kwanza, huruma baadaye."

Kwa wenzako ulikuwa mtu mwingine kabisa. Ulipochaguliwa mwenyekiti wa askari wastaafu wenye ulemavu, uliwafuata hadi Fukayosi wale waliojifungia ndani kwa aibu, ukakaa nao mkekani mpaka wakacheka. Ulitaka jambo moja: miguu ya bandia ipimwe na kutengenezwa hapahapa Bagamoyo, mzee asisafiri mpaka Dar kwa sababu ya mkanda uliokatika. Kila Alhamisi mliwaendea wakubwa wa halmashauri, zamu mliyoiita lindo. Neno "tunaomba" ulilipiga marufuku. Mlijipanga uani, wenye magongo mbele, nawe ukatoa sauti ya gwaride: "Tumekuja kuripoti!" Makarani walicheka, kisha wakaleta viti. Chumba chenyewe cha kupimia miguu hakikuja, na wewe ukatangulia.

Sasa nikwambie ya siku ya mazishi, maana ungeyafurahia. Jeneza lilikuwa limeshainuliwa, Mzee Maganga akajitupa kizingitini na magongo yake, akajilaza chali. Mnyamwezi wako yule, uliyekuwa naye kikosi kimoja, aliyepoteza mguu kama wewe.

"Hapiti mtu!" akapiga kelele. "Mzaramo huyu mwongo! Alhamisi ana lindo, leo anajifanya kafa!"

Halmashauri ilikuwa imemtuma kijana mmoja kuleta rambirambi, mgeni huku pwani, hajui habari za utani wetu na Wanyamwezi, kwamba mtani ana ruhusa ya kufanya mzaha hata msibani. Maskini, alipandwa na hasira kwa ajili yako. Akamshika mzee wa watu begani. "Mzee, huna haya? Marehemu alikuwa mlemavu, unamkejeli?"

Chumba cha wanawake kikaangua kicheko, mama akiwa wa kwanza, machozi yangali mashavuni. Shangazi akamwita yule kijana, "Mwache, baba. Huyo ni mtani. Hapa hakuna aliyefiwa kumshinda yeye."

Mzee Maganga hakuinuka. "Nipeni wa kushika lindo lake, ndipo apite."

Kaka zangu wakatazama chini, kila mmoja na kazi yake Dar. Nikajisikia nikisema kutoka nyuma ya pazia, "Mimi." Mimi ninayeona haya hata kudai chenji dukani.

Ndipo akakubali kuinuka, na aliyemwinua ni yuleyule kijana wa halmashauri. Aibu ilimfanyia kazi nzuri. Alianza kuja Alhamisi zetu, akatueleza mlango upi wa kubisha na nani wa kumsumbua, na wazee wakamfanya wao. Mimi nilijifunza taratibu. Kuna Alhamisi nilirudi nyumbani nikalia, nikakulaumu kwa kuniachia mzigo huu, nikajilaumu kwa kukulaumu.

Juma lililopita chumba kilifunguliwa. Kidogo, kinanuka rangi, lakini ni chetu. Fundi alipanga vifaa vyake, akauliza nani aanze. Hakuna aliyesogea. Wazee wote walikaa kwenye mabenchi, kiti cha kupimiwa kitupu.

"Mwenyekiti kwanza," Mzee Maganga akasema.

Fundi akanitazama, hakuelewa. Mimi nilielewa: walikuwa wanakungoja wewe. Wangekaa vile mpaka jioni, nawajua. Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Mwenyekiti ameagiza msimngojee."

Kisha Mzee Maganga akachukua magongo, akajikokota hadi kitini, akakunja suruali. Alikuwa analia waziwazi.

"Mzaramo huyu," alimwambia fundi, "hata kufa hakujamzuia kutoa amri."

Nimekukosa, baba. Mungu akulaze pema, na akupe huko watu wa kugombana nao kidogo, usichoke na utulivu.

Mwanao wa mwisho